Mstari wa Wakuru

Mzee Wambura,

Tangu tukuzike, ofisi yetu ya pamba hapa Bunda imepata mtaalamu. Katoka Dar, ana tai, ana hata kikombe chake mwenyewe. Siku ya kwanza alifungua programu yako ya orodha ya wakulima akacheka. "Hii kazi ya nani? Ya fundi redio?" Nikamwambia ndiyo, fundi redio wa Musoma, na amekufa. Hakuona haya.

Unaikumbuka ile lugha ndogo iliyomo ndani ya programu, tuliyokuwa tunaiandikia maagizo? Yenyewe inajua kufungua faili na kusoma majina ya wakulima, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Ulikuwaga unasema, "Mwenye kisima uani haendi ziwani na ndoo." Huyu bwana akaenda ziwani. Akatunga kisomaji chake cha kusomea faili, kurasa nne, akazibandika ukutani kama cheti cha ubatizo.

Sasa, kisomaji hicho hakiukubali mstari mpaka kikute mwishoni mwake alama ya kushuka mstari wa chini. Mstari wa mwisho hauna alama: mpiga chapa akishaandika jina la mwisho anaenda zake kunywa chai. Basi kila kijiji kikapoteza mtu mmoja. Kijijini Buswahili, wa mwisho ni mkeo, Wakuru.

Alikuja kuchukua mbegu, mvua zimeshaanza. Mtaalamu akamwambia, "Mama, kompyuta haikosei. Haupo." Mama akamtazama kuanzia tai mpaka viatu. "Kama sipo, mwanangu, hapo unabishana na nani? Na shikamoo yangu iko wapi?"

Foleni nzima ilicheka. Lakini Mama aliondoka mikono mitupu, na mimi... nilinyamaza, Mzee. Nilikuwa nimeshajua kosa liko wapi, nikanyamaza kwa kuogopa tai.

Kesho yake, bwana mkubwa alipokwenda kula sato, nilifuta kurasa zake zote nikarudisha mistari yako mitatu ya ile lugha ndogo. Majina yakarudi yote. Naye akarudi akijichokonoa meno: "Mmeona? Nilisema itakaa sawa." Nimemwachia. Mpumbavu ukimnyang'anya ushindi, atatafuta kingine cha kuharibu.

Mbegu nilizipeleka mwenyewe kwa baiskeli. Mama akauliza, "Kwa hiyo nimefufuka?" Nikasema ndiyo.

Wewe tu ndiye nimeshindwa kukurudisha. Pumzika, Mzee wangu. Siku nyingine wakimwambia mtu aliyesimama mbele yao kwamba hayupo, sitanyamaza.

Mwanafunzi wako,
Magesa