Maua Yaliyochelewa Dirishani

Mama Mdogo mpendwa,

Natumaini u mzima huko. Sisi tupo. Baba amerudi kazini, nami kwa kuwa shule imekwisha nashinda nyumbani. Juzi nilipaka rangi mlango wa jikoni.

Yale maua ya porini uliyomletea Mama yamechanua leo. Ni ya njano, na yamenipita kimo. Ukilala kitandani pake unayaona yote dirishani.

Kuna jambo sikukuambia uliponipigia simu wakati wa msiba. Mama alipoacha kuinuka kitandani, mabua yalikuwa yameshaanza kutoa matumba. Mtunza bustani wa jirani akaniambia, "Yakate vichwa, binti, la sivyo upepo utayalaza." Nikayakata yote. Juzi ndipo aliponieleza kwamba yakikatwa huchelewa kuchanua. Siku ile niliona haya kumuuliza.

Kila asubuhi Mama aliuliza, "Bado tu?"

"Bado, Mama."

"Mavivu hayo, yamekufuata wewe." Alicheka, kisha akakohoa.

Yalichelewa wiki tatu. Mama alifariki wiki ya pili.

Baba anadhani ni mvua iliyoyachelewesha. Silii, Mama Mdogo, sijui kwa nini. Nafagia, napika, namwagilia.

Nimekuwekea ua moja humu ndani. Usiniambie kwamba si kosa langu. Niambie tu kama hii ndiyo rangi aliyokuwa akiisubiri.

Ni mimi mwanao, mwenye haya zilezile.