Ghorofa Lililopanda

Jumatatu, 3 Machi

Nimepima tena leo. Injinia anachimba shimo la maegesho ya jengo jipya, na mimi na skana yangu ya leza tunaangalia kama nyumba za jirani zinasogea. Mashine inazunguka juu ya miguu yake mitatu, inatupa mwanga kila upande, kompyuta inaniletea picha ya nukta mamilioni. Nyumba ya Mjomba haijasogea hata unywele.

Nikampitia kumwambia. Yuko kwenye cherehani, pini mdomoni. Akauliza kama jicho langu la kamera limekiona kitambi chake. Mbavu sina!

Mlango wa chumba chake cha kushonea unakwaruza sakafu. Anasema ni mvua hizi, mbao zimevimba. Wapangaji wake wa vyumba vya uani wanataka kuhama, wanaliogopa shimo. Amewatuliza: anayepima ni mpwa wangu. Nikajiona mtu wa maana.

Alhamisi, 6 Machi

Seremala ameupiga randa mlango wa Mjomba. Sasa unafunga. Wapangaji wamefungua mabegi yao. Kazi shwari.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo haya siyaelewi. Ghorofa la ng'ambo ya barabara limepanda. Upana wa kidole! Nikacheka peke yangu, nikapima upya. Limepanda. Ghala lililo kando yake nalo limepanda. Tangu lini nyumba zikapanda?

Chai ilinipoa mbele yangu. Halafu nikakumbuka alama.

Zile karatasi nne za miraba myeusi na myeupe. Kila kipimo kinaanzia kwenye hizo, ndiyo maana hubandikwa mbali na shimo, mahali pasipotikisika. Zilitakiwa zikae kwenye ukuta wa ghala. Mlinzi wa pale alinizungusha — bosi hayupo, njoo kesho, kesho tena njoo kesho. Nikachoka. Nikazibandika ukuta wa nyuma wa Mjomba. Kwake siombi ruhusa.

Kwa hiyo ukuta unazama, alama zinazama nao, na mashine inaniambia ukuta umetulia. Ghorofa halijapanda popote. Ni Mjomba anayeshuka.

Uvivu wangu. Naogopa, na naona aibu, na sijui kipi kinazidi.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimemweleza injinia. Akauliza nani mwingine anajua. Hakuna, nikasema. Akaahidi katapila halitawashwa mpaka tupime upya, ila nisiende kuwatia watu kiwewe. Nikaitikia ndiyo, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Mjomba.

Wapangaji hawakuniuliza mara mbili. Wamebeba watoto na kuondoka, sufuria ikiwa bado jikoni. Mjomba — haondoki. Alikuwa anapiga pasi sare za shule, za kuchukuliwa leo. Nimemwambia yote, alama, ghala, mlinzi. Anasema nimechoka tu, sijala.

"Wiki zote hizi unaniambia haijasogea. Leo ndiyo imesogea?"

"Mjomba, mashine haina kosa. Nimekosea mimi."

"Wewe? Wewe hukosei, mwanangu. Hebu njoo uone."

Akaenda mlangoni, akauvuta kwa mikono miwili mpaka ukagonga fremu. Unaona? Unafunga vizuri.

Haufunguki.

Tumeuvuta wote wawili, nimeweka mguu ukutani, wapi. Chumba kina mlango huo mmoja, na dirisha lina nondo. Seremala amepigiwa simu, anasema yuko njiani. Mjomba amerudi kwenye pasi yake, ananitania kwamba leo angalau nitakaa naye hadi chai, maana siku hizi napita tu kama mtoza kodi. Nimeshindwa kucheka. Nimekaa konani, naandika.

Nimempigia injinia. Hapokei. Nimempigia tena.

Chokaa inadondoka kutoka juu, kidogo kidogo, kwenye kola aliyoinyoosha sasa hivi. Anaipangusa kwa kiganja, anaendelea. Nimemwomba asogee huku kwenye kona niliko. Anasema amalize shati hili kwanza.

Seremala bado. Injinia hapokei.

Huko nje katapila limewashwa.