Mafungu Mawili kwa Moja

Quiterajo, 4 Mei 2025

Kaka Twalha,

Assalaam alaykum. Mimi na wanangu wazima, alhamdulillah, hofu ni kwenu huko Mtwara. Wifi mguu umepona? Huku rede ya simu bado haijarudi, ndiyo maana nimempa barua Ossufo anayevuka mpaka kuja huko kununua vitenge.

Kaka, nimefika nyumbani! Miaka yote ile ya kukimbia vita na kulala kwa watu mjini Pemba, huku huku Msumbiji, leo nimelala kwetu. Paa halipo, lakini shamba la baba lipo! Nimelizunguka nikicheka peke yangu, watoto wakadhani nimepandwa na shetani. Minazi yake hamsini na minne nimeigusa yote. Thelathini na sita hai, inazaa. Kumi na minane moto uliila vichwa, zimebaki nguzo tupu.

Tena sikia. Felismina, mwenye jiko la wafanyakazi kule Palma, anataka gunia la nazi kila mwezi. Nikiliweza, Pemba sirudi tena. Basi tugawane mirathi ya baba, mafungu mawili yako, moja langu, nijue minazi yangu ni ipi.

Mdogo wako,
Zuleha


Mtwara, 29 Mei 2025

Zuleha mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Wifi yako anatembea, na ulimi wake haujawahi kuugua, anakusalimu. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wateja, hata suruali ya mtu nikaishona mguu mmoja mfupi. Nyumbani! Sikutegemea kulisikia neno hilo mwaka huu.

Habari ya kugawana achana nayo. Mimi nina cherehani zangu, minazi ya nini? Chukua yote, upeleke magunia hata matatu.

Kaka yako,
Twalha


Quiterajo, 15 Juni 2025

Kaka,

Salaam nyingi, na wifi mpe pole na hongera ya mguu. Sisi hatujambo, ila mimi nimekasirika. Nani kakuomba sadaka? Miaka hii yote nimekula cha kupewa, nimevaa cha kupewa, hadi ndoo ya maji nilipewa kwa foleni. Nimerudi kwetu nisimame juu ya changu. Nikichukua yote leo, kesho wanao wataniuliza shangazi anakula minazi ya nani. Fungu langu ni moja kwa mawili yako. Usinizidishie hata kidaka cha nazi.

Nimeshagawa mwenyewe, kwa haki, hai kwa nguzo. Yako ishirini na minne hai na nguzo kumi na mbili, mashina nimeyapaka chokaa. Yangu kumi na miwili hai na nguzo sita. Sikujipendelea, Ancha jirani ni shahidi.

Ila kaka, nimepiga hesabu ya nazi, na kwa kumi na miwili gunia halijai. Ingekuwa kumi na saba tu, ningeliweza. Felismina anangoja jibu mpaka mwisho wa Julai. Akilikosa gunia, narudi Pemba, na moyo wangu unauma kukuandikia hivyo.

Zuleha, mdogo wako mwenye kiburi


Mtwara, 20 Julai 2025

Zuleha we!

Salaam baadaye! Sote wazima, mguu mzima, kila kitu kizima! Nimekawia kwa sababu nilikwenda kwa shehe, mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa nacheka nikashindwa kueleza.

Nguzo ni mirathi ya baba, si ndiyo? Umezigawa mwenyewe. Haya. Minazi hamsini na minne. Mafungu mawili ni thelathini na sita, langu. Fungu moja ni kumi na minane, lako. Sijakuzidishia hata kidaka. Lakini nilimuuliza shehe, kaka mwenye fungu kubwa anaruhusiwa kuchagua ipi? Akasema mkiridhiana, chagueni. Basi mimi nachagua nguzo, zote kumi na nane! Nazipenda. Juu yake niongeze kumi na minane hai, fungu langu limetimia. Wewe chukua kumi na minane iliyobaki, yote hai.

Mbili kwa moja, Zuleha. Kataa sasa, nione unavyokataa!

Kaka yako wa nguzo,
Twalha


Quiterajo, 3 Agosti 2025

Kaka Twalha,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nilipiga kelele mpaka Ancha akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nyoka. Nilikaa chini ya mnazi wangu wa kumi na minane nikatafuta pa kukataa. Sikupapata. Nikalia, nikacheka, nikatuma jibu Palma. Gunia la kwanza limeondoka jana kwa gari la Rajabo anayebeba mizigo ya Palma, na watoto wamelala chini ya paa jipya la makuti yetu wenyewe.

Lakini usijisifu mapema. Kando ya kila nguzo yako nimepanda mche wa mnazi, miche kumi na minane, na maji naimwagilia mwenyewe. Imo ndani ya fungu lako, kwa hiyo ni yako. Ikianza kuzaa utakuwa na thelathini na sita hai, mimi kumi na minane.

Mbili kwa moja, kaka. Kataa wewe sasa. Au njoo uhesabu mwenyewe, nyumba ina paa.

Mdogo wako, yupo kwao,
Zuleha