Jumla Haijashuka

Alhamisi, 25 Februari 1993

Miguu imevimba, viatu havipiti. Nimeshinda kitini barazani kama mzigo uliosahauliwa. Nilituma kumwita Dokta Ntambwe. Jibu: nyumba imefungwa, mapazia yametolewa. Naye ameondoka! Tangu vijana wa hapa waanze kuwafukuza watu wa mkoa wa Kasai, hata waliozaliwa hapa Kapata, hakuna wiki isiyo na nyumba mpya iliyofungwa. Kwa hiyo vidonge vya moyo vitaisha karibuni, na vikiisha vimeisha. Sihitaji daktari kuniambia kitakachofuata.

Jioni Mama Kabedi alikuja kunikanda miguu kwa maji ya chumvi. Ni jirani wa ukuta mmoja. Ana tanuru la mikate uani, na tangu mke wangu afariki ananiletea mkate kila asubuhi wala hataki nilipe. Mimi namfanyia hesabu. Nilifundisha takwimu na uhasibu nusu ya maisha yangu, madarasa yakijaa mpaka dirishani. Sasa nina mwanafunzi mmoja. Ni bora kuliko wengi niliowapa diploma.

Leo tumerudia somo la bei. Usiulize unga ulinunua kwa ngapi, nilimwambia, uliza kesho utanunua kwa ngapi. Pesa inayooza namna hii haiwezi kupima kitu. Pima kwa mifuko ya unga. Umeanza mwezi na mifuko mingapi, umemaliza na mingapi? Ikipungua umekula mtaji, hata kama sanduku limejaa noti.

Akacheka. Ananiita Tata, yaani baba. – Kumbe Tata, bale benye masanduku ya noti beko banafilisika na furaha!

Mume wake Badibanga alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alikuwa fundi wa karakana ya kampuni. Walimwachisha kazi kabla ya Noeli, pamoja na mafundi wote wa Kasai. – Hesabu, hesabu, alisema. Na treni ya kwenda Kasai je?

Jumapili, 28 Februari

Mwenze, mtoto wa marehemu dada yangu, alinipeleka misa kwenye baiskeli yake. Kijana mwenye nguvu, mcheshi. Sasa ni mkubwa wa vijana wa kartie, yaani mtaa wetu; watu wanamsalimu kwanza yeye kisha mimi.

Kanisa nusu tupu. Padre alihubiri Kwaresima kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wakigawana nyumba: wewe ile ya kona, mi nachukua ya mwalimu. – Bilulu bikitoka, tunaingia na kitanda tu! Bilulu – wadudu. Ndiyo wanavyowaita majirani zetu. Walicheka hivyo wakati wa komunyo, na hakuna aliyegeuka. Hata mimi sikugeuka.

Jumanne, 2 Machi

Leo walikuja wote wawili, mume na mke, wamevaa vizuri kama wanaokwenda mbele ya hakimu. Nilijua ni jambo.

Ni hili. Mfanyabiashara mmoja wa mjini anauza akiba yake ya unga kwa haraka, mifuko ishirini. Kabedi anaweza kuinunua. Lakini familia kadhaa za Kasai zinachangia kukodi behewa, na akiba ya Kabedi na mumewe inatosha kimoja tu: unga au behewa. Badibanga anataka behewa.

– Nilizaliwa hapa Kapata, Kabedi alisema. Kule Kasai sijui hata mlango mumoja wa kubisha. Mi nitashukia kwa nani?

– Kwa bazima, Badibanga alimjibu. Hapa utabaki na bafu, na bantu ba makaburi.

– We unaogopa kila kelele!

– Mi nasikia kelele. We unasikia tanuru tu.

Kisha wote wakanitazama. Kabedi akasema: Tata aamue. Tata anasoma ukuta.

Ukuta ni ule wa kando ya tanuru. Kila siku, wakirudi kuuza, watoto wake huchora kwa chaki mstari kwa kila kapu lililoisha, katika safu tatu: hapa Kapata, sokoni, stesheni. Mume na mke walinishika mikono wakanipeleka mpaka pale. Nikasoma. Nikahesabu miezi yote, mmoja baada ya mwingine, tangu Oktoba.

Nikasema: Jumla haijashuka.

Kabedi alipiga makofi, akamgeukia mumewe. – Umesikia, baba Tatiana? Haijashuka!

Nikaendelea. Nikasema biashara inayosimama imara katika taabu kama hii ni mti wenye mizizi. Nikasema unga utapanda bei, anayeununua leo atacheka kesho. Nikasema kupungua kwa safu ya Kapata ni Kwaresima tu, watu wanafunga. Kila namba ilikuwa sahihi.

Badibanga alitazama ukuta kwa muda mrefu. Yeye ni fundi wa mashine, hakujifunza kusoma ukuta. – Sawa Tata, alisema. Kama ni wewe unasema.

Alhamisi, 4 Machi

Kifua kinabana. Vidonge vimeisha. Basi niandike, maana padre siwezi kumwita kwa jambo hili – angeniuliza dhambi yenyewe ni ipi, nami ningesema nimejumlisha vizuri.

Safu ya Kapata imekatika nusu. Ya soko inafuata. Ya stesheni, ambayo zamani ilikuwa ya wasafiri wawili watatu, imemeza pengo lote. Ndiyo sababu jumla imesimama! Ni midomo ileile. Watu waliokula mkate wa Kabedi mezani kwao, sasa wanaula wamekaa juu ya magodoro yao kando ya reli, wakisubiri treni. Wateja wake hawakubaki. Wamehama, na mkate umewafuata. Siku treni zitakapomaliza kuwabeba, safu zote tatu zitakufa pamoja. Na Kwaresima? Kapata ilianza kushuka Oktoba. Hakuna Kwaresima ya Oktoba.

Niliyaona haya papo hapo, kabla mkono wangu haujatoka ukutani. Hilo ndilo somo la kwanza nililokuwa nikifundisha: usijumlishe kabla hujatazama. Niliwaangusha vijana mtihani kwa kosa hilo. Wao hawakujua. Mimi nilijua.

Kwa nini basi? Kwa sababu akiondoka, nani atanikanda miguu? Nani atagonga asubuhi kuona kama nimeamka? Niliogopa kufa peke yangu katika nyumba hii. Ndiyo yote. Sina sababu nyingine iliyo nzuri zaidi.

Jumatatu, 8 Machi

Unga umefika kwa mkokoteni. Wamejaza chumba cha watoto mpaka juu, watoto wanalala sebuleni. Kabedi anaimba. Ameniletea mikate miwili badala ya mmoja.

Behewa limejaa bila wao. Badibanga hanisalimu tena.

Nilifungua mdomo nimwambie Kabedi. Nikaomba maji.

Jumatano, 10 Machi

Kabedi amekuja mbio, mikono ina unga hadi viwiko. – Tata! Mikate mia nne! Ya Jumamosi asubuhi!

Nikauliza nani ameagiza. – Mwenze wako! Banasema beko na mkutano kwenye masomo, kule ku shule. Unaona? Bale bale bananitukana, beko banakula mukate yangu. Tumbo haina kabila, Tata!

Anaona amani inakuja. Amekwenda kukodi sufuria kubwa.

Mimi nimebaki na hiyo mia nne. Katika ukuta mzima hakuna agizo linalokaribia hilo hata kwa robo. Namba ikiruka mbali na ndugu zake, huulizi ni kubwa kiasi gani, unauliza nani kaisukuma. Vijana wa kartie yetu hawafiki mia, nimewaona wakikutana. Basi hii mikate mingine ni ya nani? Ni ya wageni. Watalala shuleni Ijumaa, watakula Jumamosi. Na baada ya kula?

Alhamisi, 11 Machi

Nilimwita Mwenze. Alikuja akipiga mluzi, akaketi, akanishika goti kama mtoto.

Nikamuuliza wageni wanatoka wapi. – Mutshatsha, Mujomba. Bengine Mutoshi. Usiogope, beko ba kwetu.

Nikauliza wanakuja kufanya nini.

Akatabasamu. – Kusaidia bantu kufunga mizigo.

Nikasema yule mama ananiosha miguu, Mwenze. Wewe mtoto wa dada yangu hujaniosha hata siku moja.

– Njo maana namuchunga! Hatutamupiga. Ataenda na batoto yake, salama. Lakini asiende mbele ya Jumamosi kufika. Tanuru iko nzuri, na niliona mukokoteni. Mifuko ishirini, Mujomba! Ile italisha kartie mwezi muzima. Nimeweka bijana ku barabara, mwenye kutoka na mizigo banamurudisha. We mwambie tu akae. We njo anakusikiliza.

Akasimama, akanirekebishia blanketi begani. Akasema nitapata mfuko wangu.

Mimi nimewajazia ghala. Mimi, kwa jumla yangu sahihi.

Ijumaa, 12 Machi

Nimemwambia Kabedi mpango wa Mwenze. Nilijikokota mpaka uani kwake nikishika ukuta, maana nilitaka nimwambie palepale penye chaki.

Hakuamini. Alikuwa amekanda unga, akaendelea kukanda. – Lakini Tata, ile siku ulisema jumla haijashuka.

Haijashuka kweli, nikamwambia. Nikamwonyesha kwa kidole safu moja moja. Hii inakufa. Hii inakufa. Hii inakua kwa sababu hizo mbili zinakufa. Nikamwambia nililiona siku ileile. Nikamwambia na sababu.

Mikono yake ilisimama ndani ya unga. Sikuwahi kuogopa mtu vile.

– Uliona, alisema. Ukanyamaza juu ya miguu yako, ikandwe.

Ndiyo, nikasema.

Badibanga alikuwa amesikia. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alisema tu: Tulia, Mama Tatiana, tuwaze. Kisha kwangu, bila kunitazama: Bale bijana ya barabara, banasimamisha nani?

Mwenye mizigo, nikasema. Mwenye godoro, mwenye sufuria.

Na mwenye mikate? akauliza.

Tukatazamana wote watatu. Kila asubuhi Tatiana, binti yao mkubwa, anakwenda stesheni na beseni kichwani. Wadogo zake wanakwenda sokoni. Badibanga husukuma baiskeli yenye magunia ya mikate. Hakuna anayewasimamisha. Wanawatania tu: tuletee ya moto!

Basi wataoka unga wote uliokandwa, watabeba mikate juu, nguo chini. Kule stesheni kuna askari na kuna watu wengi, hapo kidogo ni salama. Lakini njia ni ndefu na mtoto wao mdogo kabisa ana miguu mifupi. Vijana wakigundua mapema watawafikia kwa baiskeli kabla hawajafika mjini. Agizo litachukuliwa asubuhi, watu wa Mwenze wanalitazama tanuru kutoka shuleni. Kama moshi haupandi watakuja mara moja.

Nikasema: Moshi nitautoa mimi.

Kabedi alirudi kukanda.

Jumamosi, 13 Machi

Wametoka alfajiri kama siku zote. Tatiana mbele. Nilisikia vijana wa barabarani wakiwatania, na Tatiana akawajibu kwa mzaha! Kabedi alikuwa wa mwisho, kapu tupu mkononi kama anayekwenda kununua chachu. Aliniwekea kiti karibu na tanuru, na kuni mahali mkono unapofika. Hakuniaga. Alifika kwenye lango, akarudi, akanivuta soksi juu ya kifundo cha mguu, akaenda.

Nimeweka kuni. Nikiweka moja napumzika mpaka macho yarudi. Moshi unapanda vizuri, mweupe, mnene. Kutoka shuleni wanaimba. Ni wengi.

Jua limetoka. Wamekwishavuka daraja la njia ya mjini, nadhani. Yule mdogo atakuwa anabebwa. Wanahitaji muda kidogo tena, labda nusu ya ule niliokwisha kuwapatia.

Nimeweka nyingine. Mkono wa kushoto haunisikii.

Mwenze amekuja. Peke yake, wengine wamesimama langoni na magunia matupu. – Mujomba! We uko unafanya nini hapa? Mama eko wapi?

Nikasema amekwenda kutafuta chachu, mikate ya kwanza imo ndani, mlango wa tanuru usifunguliwe au itaanguka. Akasema sawa. Hana haraka. Ameketi juu ya gogo mbele yangu, miguu imenyooshwa. Ananiona naandika, anadhani ni hesabu za mama. Ananitania: hata Jumamosi, Profesa!

Mawazo yote yale, sisi watatu, na hatukuacha ndani ya tanuru hata donge moja la unga, linukie mkate.

Mwenze ameacha kutania. Ameinua uso. Ananusa. Anauliza kwa nini hakunuki mkate.

Nimenyoosha mkono kwa kuni nyingine