Mkasi wa Mama na Vidole Vyangu

Jumatatu, 3 Machi
Vipele vimerudi. Mkono wa kulia, kama kawaida yao. Nimejikuna usingizini hadi shuka limeingia damu. Asubuhi mdogo wangu kaingia kazini na mikono yake laini, utadhani hajawahi kusugua sufuria. Tunashona chumba kimoja, tunanawa sabuni moja, tumetoka tumbo moja. Mbona yeye hawashwi? Wateja wanamwita Mikono ya Asali. Mimi wananiuliza kama inaambukiza.

Jumatano, 5 Machi
Daktari wa ngozi: ni aleji, haiambukizi. (Angeniandikia hivyo nibandike mlangoni!) Kanipa mafuta ya kupaka, kanikataza kujikuna – rahisi kusema. Niache kitu kimoja kimoja nione: sabuni, chaki ya kuchorea, manukato. Halafu akauliza kuhusu hereni. Nikakubali, za bei poa hunivimbisha masikio. Basi huenda ni nikeli, kasema, ile inayopakwa vyuma ving'ae. Kazini nashika vyuma gani? Sindano, nikamwambia. Pini.
Mkasi sikuutaja.

Ijumaa, 7 Machi
Nitautajaje? Kwetu mwenye mkasi wa mama ndiye mkataji. Macho ya mama yalipochoka, aliuweka mkononi mwangu, mdogo wangu akiona. Mkataji hupokea mteja, hupima, hukata. Asiye na mkasi hushona alichokatiwa. Nikiuachia, yeye atapima mabibi harusi, mimi nitabaki kukunja pindo. Thubutu!
Sabuni nimeacha. Chaki pia. Mdogo wangu nimemkataza manukato, naye kaacha bila neno. Hilo nalo linaniudhi. Bado nawashwa. Kikulacho ki nguoni mwako, husema mama, na mimi wangu namjua.

Jumatatu, 10 Machi
Jana hatukufungua, vidole vikatulia. Leo nimekata sare za wahudumu wa hoteli, kufika mchana vimefura tena. Mdogo wangu kanishika mkono, kaugeuza. Eti dada, mbona vipele vimekaa duara, gumbani na kwenye hivi viwili tu? Nikamwambia ashone. Kashona. Ila macho yake yalikwenda kwenye mkasi, nimeyaona.

Jumanne, 11 Machi
Nimezungushia kitambaa kwenye matundu ya vidole ya mkasi. Nilijiona mjanja! Kumbe mkasi unateleza. Mkono wa gauni la bi harusi nimeukata upande. Satini kaileta mwenyewe, ziada hakuna. Nilitamani ardhi inimeze. Mdogo wangu kaunga kipande, mshono kauficha chini ya lesi, hata mimi siuoni tena. Kwa mama hajasema kitu. Ningepaswa kushukuru. Badala yake nimemwonea wivu.

Alhamisi, 13 Machi
Naandika nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nimewaambia napaka dawa. Sijaipaka.
Nje wapo bi harusi na mama, kaja kutembelea kazi. Gauni limemkaa bi harusi vizuri, anajizungusha kwenye kioo. Limebaki shela, kitambaa kimetandazwa mezani, kinasubiri kukatwa. Na mdogo wangu, mbele ya wote, kanikabidhi zawadi: mkasi mpya, vishikio vya plastiki. Utapona nao, dada. Kwa upole kabisa. Mtu wa namna hii unamchukiaje? Nimejitahidi sana.
Bi harusi kapiga makofi. Mama hakupiga. Kauliza tu: sasa ule wangu utabaki na nani?
Wote wakanitazama vidole.
Mkasi mpya nimeuacha mezani. Wa mama nimeingia nao huku, nimeusokomeza kwenye mfuko wa aproni. Mdogo wangu anauliza kutoka nje, dada, tukusubiri au nianze? Nasema nakuja. Sijanyanyuka bado.
Na sasa paja limeanza kuwasha.