Nyongeza za Mkalimani

Alhamisi, 24 Aprili 2025

Mchungaji Ambokile amenipigia simu nikiwa bado ofisini. Nipite kanisani jioni, ana jambo. Jambo! Miaka minne naomba niwekwe kwenye zamu ya wahubiri, miaka minne naambiwa nina karama ya kupanga viti. Nikapita nyumbani kubadili shati. Hata viatu nikavipaka rangi.

Jambo lenyewe: "Ndugu Simoni, wewe si Msukuma?"

Kuna kituo kipya cha kanisa Kibuta, Kisarawe huko ndani. Wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, na wazee wengi Kiswahili kinawapiga chenga. Mchungaji atahubiri, mimi nitatafsiri. Somo: Sifa za Mtumishi Mwaminifu wa Mungu. Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa — yaani nimekubali kabla hajamaliza kusema. Mkalimani naye si anasimama mbele? Naye si anashika maiki?

Mke wangu Juliana amecheka mpaka akakaa chini. Anasema Kisukuma changu ni cha kuombea ugali, maana nilitoka Maswa nikiwa darasa la pili. Nimemwambia Mungu hutumia watu dhaifu. Akasema basi huyo mtu dhaifu akaoshe sufuria.

Jumapili, 27 Aprili

Nimechoka, lakini furaha niliyo nayo! Niandike kwa mpangilio.

Tumefika Kibuta mapema, matope mpaka kwenye vifundo. Aliyetupokea ni mzee Masumbuko, mfugaji, ndiye aliyetoa eneo la kanisa. Mzee kampa Mchungaji maziwa. Mimi kanipa maziwa na shida zake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa namwelewa. Ng'ombe wake waliingia usiku kwenye muhogo wa jirani yake, mzee Hemedi. Wamekula nusu shamba. Kesi iko ofisi ya kijiji, na vijana wa pande zote mbili wameshaanza kutembea na mapanga. Masumbuko anasema hatoi kitu. Ng'ombe atajuaje mpaka?

Kisha ibada. Mchungaji wetu ni mtu wa Mungu, lakini anahubiri kama anayesoma mita ya maji. Sifa ya kwanza, utii. Kifungu. Sifa ya pili, kutunza ulichokabidhiwa. Kifungu. Mimi natafsiri, watu wanasinzia. Bibi mmoja alikoroma! Na sauti waliyokuwa wanaielewa ni yangu, kwa hiyo aliyekuwa anawalaza ni mimi.

Basi nikatia chumvi kidogo. Mchungaji alisema: mtumishi mwaminifu hutunza alichokabidhiwa. Mimi nikasema: mtumishi mwaminifu hutunza alichokabidhiwa — na ng'ombe wake wakila muhogo wa jirani, hangoji kuitwa ofisini! Anachukua mtamba mzuri kuliko wote zizini, anampelekea mwenyewe, kwa mkono wake!

Bibi akaamka. Benchi zima likaamka. Nikaona utamu, nikaongeza. Nilipiga mpaka magoti. Mchungaji sentensi moja, mimi tano. Akawa ananitazama. Nikamnong'oneza kwamba Kisukuma ni lugha ndefu.

Mzee Masumbuko akasimama, analia machozi. Mtu mzima vile! Anasema atampa Hemedi mtamba. Nikamtafsiria Mchungaji: neno limemgusa, atatoa ng'ombe apatane na jirani. Mchungaji akainua mikono juu. "Haleluya! Ni ile sifa ya tatu!" Sifa ya tatu ilikuwa kufunga na kuomba. Nikasema, ndiyo Mchungaji, ya tatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Kazini. Mwili Kibaha, roho Kibuta. Kwenye kikao cha idara nimejikuta nimeinua mkono kama nabariki mkutano. Bosi akadhani nina swali. Sikuwa nalo.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Nimevaa fulana ya bure, nimeandamana kidogo, nimerudi kulala.

Mchungaji kaniamsha kwa simu. Hemedi amekubali! Kesi ameifuta kijijini, vijana wameweka mapanga chini. Jumapili hii Mkuu wa Jimbo anakuja Kibuta, na mtamba atakabidhiwa mbele yake baada ya ibada. Na mimi — mimi! — nimewekwa kwenye zamu ya wahubiri mwezi wa sita. Nimeruka nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

Juliana hakuruka. Kauliza tu: "Ulitafsiri, au uliongeza?" Anasema ananijua, nikitumwa nyanya narudi na kabichi na maelezo. Nikamwambia aangalie matunda, watu waliotaka kukatana mapanga wamepatana. Akaendelea kuchambua mchele. Sipendi kabisa anavyochambua mchele.

Jumamosi, 3 Mei

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Mkwe wa mzee Masumbuko amejifungua hapa hospitali, Tumbi. Mchungaji akatutuma mimi na Juliana tukawaone. Nje ya wodi tukamkuta mke wa mzee, mama Kwandu, na chupa yake ya uji. Nikamwamkia kwa madoido yote: "Mwangaluka, mayu!" Akanitazama. Juliana akasema shikamoo mama.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na jua. Mtoto hajambo, mzazi ndiye anasumbuliwa na presha, lakini daktari anasema itashuka."

Kiswahili kilichonyooka kuliko cha kwangu! Nikauliza, mama, kumbe unajua Kiswahili?

"Nimeuza maziwa Kisarawe miaka kumi na moja. Ningeuza kwa ishara?"

Alisubiri Juliana aingie wodini na uji. Kisha akaniambia, taratibu, bila hasira. Hiyo ndiyo iliyoniumiza, angenitukana ningepona. Alisema Mchungaji hakutaja mtamba. Hakutaja hata ng'ombe. "Nilisikia yote mawili, yake na yako. Yako yalikuwa matamu."

Huyo mtamba mzuri kuliko wote zizini ni wake. Marehemu mama yake alimwachia ng'ombe mmoja, wakamleta kwa lori kutoka kwao, na huyu ni mjukuu wa yule. Wengine wote wa uzao huo wamekufa. Amemwomba mzee achague mwingine. Mzee hataki kusikia. Mungu katamka "mzuri kuliko wote", yeye Masumbuko ni nani apeleke aliyekonda? Anabishanaje na Neno?

Nikamwambia nitaongea na mzee, kimyakimya.

"Kimyakimya? Mbona ulisema kwa maiki?"

Kesho atasimama kanisani aulize. Atauliza kwa Kisukuma, ili wazee wa kwao wasikie. Kwa Kiswahili nitasema mimi. Yeye atasikiliza tu.

Sasa niko sebuleni nimejishika kichwa. Nikisema kweli, Hemedi anarudi ofisi ya kijiji, mapanga yanarudi, na zamu yangu ya mwezi wa sita naiaga. Nisiposema, mama wa watu ananyang'anywa ng'ombe wake kwa jina la Mungu, na aliyemnyang'anya ni mimi, mpanga viti. Naona aibu. Naogopa pia. Hofu imeizidi aibu, angalau humu nisidanganye.

Nimemweleza Juliana yote. Nilidhani atasema "nilikuambia". Hakusema. Kanishika bega. Afadhali angesema.

Jumapili, 4 Mei

Alfajiri. Nimemwomba Mungu anipe homa. Nimejipima kwa kiganja mara mbili. Mzima wa afya, sifa kwake.

Baadaye. Kibuta, kanisani. Naandika hapahapa kwenye benchi, katikati ya ibada. Mvua inapiga bati, hakuna anayemsikia mwenzake, ibada imesimama. Mkuu wa Jimbo anadhani naandika mahubiri. Kanitikisia kichwa kwa kuridhika.

Imekuwa hivi. Mchungaji kahubiri, nami nimetafsiri neno kwa neno kama mtu anayevuka daraja bovu. Hakuna nukta niliyoongeza. Bibi wa siku ile kalala tena. Mtamba amefungwa nje kwenye nguzo, mweupe, baka jeusi shingoni. Kabla ya mvua alikuwa anakula maua waliyoyapanda kumpokea Mkuu wa Jimbo. Mzee Hemedi kakaa benchi la mlangoni, si Mkristo lakini kaja, kofia yake safi, kamba mpya mapajani. Masumbuko kamkaribisha kwa mikono miwili. Watu hawa wiki mbili zilizopita walikuwa wanatafutana!

Kisha mama Kwandu akasimama. Akanitazama mimi, si Mchungaji. Kwa Kisukuma, polepole, kama anayemfundisha mtoto:

"Muulize Mchungaji. Ni yeye aliyesema mtamba wangu aende kwa Hemedi? Kama ni yeye, namfungua kamba mwenyewe sasa hivi, nampa kwa moyo mweupe. Kama ni mkalimani, mkalimani aseme."

Wasukuma wote wakageuka. Kanisa zima macho kwangu! Masumbuko mdomo wazi. Mchungaji hajui kitu, anatabasamu: "Mama yetu anashuhudia nini, ndugu Simoni?"

Nikafungua mdomo — mvua ikashuka. Nikasema asante Yesu, kwa sauti! Mkuu wa Jimbo akaitikia amina.

Nimeona aibu mara moja. Hivi namshukuru Mungu kwa kunificha, kanisani kwake?

Nawaza. Ninaweza kusema: mama anashukuru kwa neno. Maneno manne tu. Mchungaji atapiga makofi, Hemedi ataondoka na ng'ombe, amani itabaki, na mwezi wa sita nitapanda madhabahuni. Na mama Kwandu atakuwa amenisikia. Wasukuma wote pia wameshasikia alichouliza, ila nani atabisha mbele ya Mkuu wa Jimbo?

Au nimwambie Hemedi nitamlipa mimi muhogo wake. Kwa kitu gani? Ng'ombe sina. Wapo kuku wa Juliana — haya, tazama! Tayari natoa cha mwanamke mwingine.

Hemedi anaangalia kamba yake, anaangalia watu. Anahisi kuna jambo. Uso wake umeanza kukunjamana. Namwonea huruma kuliko wote, yeye shamba lake limeliwa kweli.

Mvua inapungua. Sasa nasikia mtoto akikohoa. Mama Kwandu ametoka upande wa akina mama, amekuja benchi la mbele, karibu kabisa na ninaposimama. Masumbuko kamfuata, kakaa kando yake. Kamuuliza kitu. Kaonyeshwa mimi kwa kidevu.

Mchungaji ananinyooshea maiki. Nimemwonyesha kidole, dakika moja. Nayarudia moyoni yasije yakanenepa njiani. Mama anauliza. Si "mama anashukuru". Mama anauliza, Mchungaji, kama aliyesema mtamba aende ni wewe au ni mimi. Naipokea maiki.