Nilishindwa kwa Kiwango Kigumu

Tuwan, Kitale

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Mguu umepungua kuvimba, na yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Mimi mwili uko sawa, ila moyoni nina hasira, na heri uijue kabla hujasoma mbele. Ningekupigia kwa simu ya jirani, lakini haya si ya kusikiwa na boma zima.

Nimepata ujumbe wako kwamba nirudi Bungoma nikajifunze ushonaji, kwa sababu Khocha amekuambia alinikuta nikipigwa na mashine ya michezo mbele ya vijana. Mama, ndugu yako hakudanganya. Nilipigwa. Lakini kuna sehemu ya habari hakukueleza.

Unajua ninasimamia chumba cha michezo ya video. Ninawasha mashine, ninapanga zamu, na mgeni asiyejua namwonyesha. Mchezo unaopendwa hapa ni ule wa shujaa anayepanda ngome, na sasa umetoka wa tatu. Ule wa kwanza haukuwa na huruma: ukifa unaanza chini, na stima ikipotea, basi, umepoteza yote. Huu wa tatu wameulainisha. Mwanzoni unakuuliza kama unataka rahisi, kawaida au ngumu, na ukichagua rahisi adui anasimama tu akikungoja umpige. Vijana wa Kipsongo wanaokuja hapa hawautaki urahisi huo. Anayemaliza hivyo anaambiwa amebebwa, arudie. Sheria hiyo niliiweka mimi.

Khocha aliingia akitoka Suam na mahindi yake, akasimama mlangoni na kuuliza kama hii ndiyo kazi iliyonifanya niache shamba. Akasema kama kweli ninaujua mchezo wenyewe, niumalize mbele yake. Nikishindwa, nifunge virago. Sikumjibu ndiyo. Maisha yangu siyaweki rehani kwa mchezo. Lakini nilichukua pedi ya kuchezea nikakaa, kwa sababu nilitaka anione nikifanya kitu ninachokijua.

Mke wa bosi, anayepokea pesa pale mlangoni, akaninong'oneza, "Weka ile rahisi bana. Mzee hatajua."

Kweli hangejua. Ningemaliza, angeshangilia, na leo ungekuwa unajisifu kanisani. Lakini chumba kizima kingejua, na mimi pia. Nikaweka ngumu. Nilipanda mpaka kwa lile jitu la mwisho, ambalo hapa kwetu hakuna aliyewahi kulishinda, nikaliumiza vizuri, kisha likaniangusha. Vijana wakanipigia makofi. Khocha akadhani wananicheka.

"Si umepigwa na terevisheni?" akasema. "Pakia nguo, twende."

Nikamjibu kwa heshima, "Safari njema, Khocha. Mimi kesho niko kazini."

Basi Mama, sirudi. Siidharau cherehani, ninachokataa ni kuitwa nyumbani kama mtu aliyefeli. Wewe mwenyewe ulitulea tukianza kulima upande wenye mawe, ukituambia ule mwingine hata mtoto ataumaliza. Sasa nimechagua upande wenye mawe, na ni wewe unayeniita nitoke. Hilo limeniuma kuliko yote aliyosema Khocha. Nikilishinda lile jitu nitakuja kukuona, na nisipolishinda nitakuja pia, lakini nitakuja kama mgeni mwenye kazi yake, nikae siku zangu, nirudi Kitale.

Nisalimie Baba, umwambie dawa ya kupe aliyoniagiza nimeipata. Nisalimie Kukhu, na umfunike vizuri huyo bibi yangu maana najua baridi ya asubuhi haimpendi. Dada yangu mdogo mwambie asome, asisikilize wanaosema hesabu si za wasichana. Na Khocha msalimie sana kuliko wote. Mwambie sina kinyongo naye, pedi ipo na kiti kipo. Akitaka kunihukumu tena, aje acheze yeye kwanza. Yeye nitamwekea ile rahisi.

Ni mimi binti yako, niliye kazini,

Nekesa